Mwanafatuma na Magome Yasiyo na Uchungu

Mwanafatuma Jumbe hakumbuki tarehe aliyofika Daktari Ubeid kwake kwa mara ya kwanza, ila ni mwaka 2019. Anachokikumbuka ni ndimu.

Ubeid ni mkemia, mzaliwa wa Msambweni, anayefundisha chuo kikuu. Siku hiyo aliketi mkekani uani kwa Mwanafatuma, akaomba vipande vitano vya makaa na ndimu moja, akavipanga duara.

"Hii ni pete, shangazi. Makaa ni kaboni. Ndimu ni naitrojeni, ile ile iliyojaa katika hewa tunayovuta. Ndimu ina kitu cha ziada, kama mkono ulio wazi. Mkono huo ndio unaomshika kijidudu."

"Na nikitia kaa la sita mahali pa ndimu?"

"Pete itabaki. Mkono hautakuwapo."

"Basi kazi yote ni ya ndimu, makaa yamekuja harusini tu."

Chome, msaidizi wa daktari, alicheka hadi akakohoa. Daktari alisema shangazi hakukosea sana. Kwinini, iliyotoka kwanza katika magome ya mti wa Amerika Kusini, ina pete ya aina hiyo. Mojawapo ya dawa za kifua kikuu wanazopewa wagonjwa katika zahanati inayo pia. Wanaotafuta dawa mpya huanza mara nyingi na pete kama hizo: wanabadilisha kitu pembeni yake, wanajaribu, wanabadilisha tena. Na miti ilianza kuzitengeneza kabla ya wanadamu.

Mwanafatuma, ambaye sasa ana miaka hamsini na minane, ameambua magome tangu alipokuwa msichana. Kazi aliirithi kwa mama yake. Waganga kutoka Msambweni hadi Vanga walimtegemea, hasa kwa mti mmoja wa homa ambao hataki jina lake liandikwe gazetini. Kanuni yake ni fupi. Unaambua ukanda mmoja, upana wa kiganja, upande linakochomoza jua, na donda unalipaka udongo. Na usiurudie mti huo kabla ya miaka mitatu kwisha.

Aliwaeleza wageni kanuni hiyo, akawaonyesha miti minne ya homa katika msitu wa kaya, ule mtakatifu unaolindwa na wazee, kisha akaenda Vanga matangani. Aliporudi siku ya tatu, miti yote minne ilikuwa imevuliwa gome kuzunguka shina, kuanzia magotini hadi mkono wa mtu mrefu unapofika. Chakula cha mti hushuka kupitia gome. Mti uliovuliwa hivyo hufa umesimama. Ilikufa yote kabla ya mwaka kwisha.

Wazee wa kaya walimwandikia daktari kumuuliza. Jibu lake lilisomwa mbele ya watu: magome yaliambuliwa na mkusanyaji wa eneo hilo, Bi. Mwanafatuma Jumbe.

Alitozwa mbuzi mweusi, akapigwa marufuku kuingia msituni. Waganga walihamia kwa wengine. Kisimani wanawake walimpokea kwa vijembe: "Ficheni mkorosho wenu, mwambuaji anapita!" Alimpigia daktari simu.

"Shangazi, ni neno la karatasini tu," alijibiwa. "Miti mingine itaota."

Neno hilo la karatasini alikaa nalo miaka minne.

Mwezi Mei 2023 Ubeid alirudi. Alitoa shikamoo, akaleta sukari na leso. Pete aliyoipata katika magome yale iliua vijidudu vya malaria ndani ya vyombo vya kioo. Ilikuwa mbali na kuitwa dawa, lakini ilitosha kupata wafadhili. Tatizo ni kwamba sampuli ilikuwa imekwisha. Walijaribu kuijenga wenyewe maabarani. Pete ilifungika, lakini kipande kimoja kiligeukia upande usio wake, na vijidudu havikufa. Walihitaji gome halisi la kulinganishia. Wafadhili walikuwa wamempa hadi Desemba.

Mwanafatuma alikuwa na mti mmoja wa aina ile nje ya kaya, katika shamba la marehemu mama yake. Mvua za masika zilikuwa zinanyesha na mti ulikuwa umejaa majani machanga mekundu. Kila mwambuaji anajua kwamba majani yakichipua, uchungu huondoka katika gome. Ndiyo maana humega kipande na kukilamba kwanza. Alimega, akalamba. Kilikuwa kama maji.

Aliambua ukanda, akaukausha, akaufunga vizuri, akampa.

"Hakuniuliza," anasema. "Angeuliza, ningemwambia."

Kweli angemwambia?

"La."

Julai simu ililia. Maabara ilikuwa imepima mara mbili bila kuona pete yoyote.

"Shangazi, umenipa mti gani?"

"Ule ule."

"Mbona hauna kitu?"

"Kawaambie wazee nani aliyeiua ile minne. Halafu uniulize tena."

Alikuja Septemba. Alivua viatu, akaketi chini mbele ya wazee, akasema walioambua ni watu wake, yeye mwenyewe hakwenda kutazama, na jina la Mwanafatuma aliliandika kwa sababu fomu ilitaka jina la mkusanyaji.

"Fomu hiyo ilikuwa na nafasi ya jina lako?" aliuliza Mzee Dzombo, msemaji wa kaya.

"Ilikuwapo."

"Ukaliandika?"

"Niliandika. Mahali pa mgunduzi."

"Mashallah," alisema Dzombo. "Sifa yako, kesi ya mwanamke."

Marufuku ya Mwanafatuma iliondolewa siku hiyo. Ubeid ndiye aliyedaiwa mbuzi, na ndiye aliyefungiwa msitu.

Kutoka hapo Mwanafatuma na Ubeid walikwenda moja kwa moja shambani kwa marehemu mama. Daktari alibaki barazani pa nyumba ya shamba na begi la sampuli mapajani. Mwanafatuma aliuendea mti peke yake. Majani yalikuwa yamekomaa, ya kijani iliyoiva. Alimega kipande, akalamba. Uchungu ulimpanda hadi masikioni.

Alirudi bila kitu mkononi.

"Bado," alisema.

"Mpaka lini, shangazi? Nimeshasema kila ulichotaka."

"Uliambiwa useme kweli, hukuambiwa utalipwa. Mti ndio unaojua."

Alijua kwamba mvua za vuli zikianza mti utachipua tena, uchungu utaondoka, na Desemba itapita. Alipoulizwa kuhusu wagonjwa ambao huenda pete ile ingewafaa siku moja, alikuwa na jibu tayari.

"Mwenye homa aje kwangu," alisema. "Kwangu ataandikwa kwa jina lake."

Asubuhi iliyofuata aliambua ukanda, akaupeleka kwa mganga wa Vanga. Vuli ilianza wiki ya pili ya Oktoba.