Mbeta ya Mama Jackline

Wapo hapa Makambako wanaosema Yunisi alimnyima mumewe dawa. Midomo ni mali yao. Mimi ni jirani yake na mgema mwenza wa Kristofa, mumewe, najua kilichotokea.

Kristofa aligema ulanzi, pombe ya mianzi, maisha yake yote. Msimu wa mvua, asubuhi na jioni, alikata ncha za mianzi michanga, kipande chembamba kama ganda la kitunguu, ulanzi udondoke ndani ya mbeta, kikombe cha mwanzi. Mbeta ya kwanza haikuuzwa wala kuonjwa. Alimpelekea mkewe jikoni, na hakuruka siku ya msimu kwa miaka thelathini na minne.

Mwaka 2002 akaanza kukata vipande vinene mpaka mianzi ikafa. Kisha akamsahau Yunisi. Daktari wa Njombe akautaja ugonjwa, Alzheimer, akaandika vidonge. Maduka ya dawa siku zile yalizagaa kila kona, ila vidonge hivyo hayakuwa navyo. Binti yao Jackline alivinunua Dar es Salaam, vikaja kwa lori.

"Mama, haviponyi," daktari alimwambia Yunisi. "Vinaweza kumrudisha kidogo, kwa muda. Na tumbo linaweza kuvikataa."

Vikamrudisha. Mwezi wa pili wa dawa Kristofa alisimama mlangoni na mbeta yake. "Mama Jackline, pokea." Yunisi alikuja kwetu kulia kwa furaha, mke wangu akamchemshia chai.

Lakini tumbo la Kristofa nalo likakataa. Alichokula kilirudi. Akaanza kufunga suruali kwa kamba, akaanguka shambani mara mbili. Daktari alikuta mapigo ya moyo yamepungua mno, akapunguza dawa, hali ikawa ileile. Akasema wakiacha, kumbukumbu itaondoka mapema. Wakiendelea, mwili utakwisha.

Jackline alilia kwenye simu. "Mama, usimkatishie dawa. Nikija nataka anijue."

"Hata mimi nataka anijue, mwanangu," Yunisi alijibu. "Lakini nataka ale."

Wakaacha. Kristofa akala ugali, akala viazi, mashavu yakarudi. Jina la mkewe likaondoka. Niliumia, sifichi, nilikuwa namwonea Yunisi huruma kuliko mgonjwa.

Siku moja, mwezi wa tatu tangu waache dawa, tulitoka naye shambani. Nilikuwa nagema mimi, yeye akibeba. Akaingia jikoni kwa Yunisi, akavua kofia kama mgeni.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, baba," Yunisi aliitikia, akanyoosha mikono miwili apokee mbeta.

Kristofa akairudisha kifuani. "Unisamehe, mama. Hii ya kwanza ni ya Mama Jackline. Wewe nitakuletea nyingine."

Nilitaka kumwambia Kristofa kuwa ndiye huyo. Yunisi akanikataza kwa jicho.

"Haya, baba," alisema. "Mwekee pale mezani."

Kristofa akamletea ya pili, Yunisi akainywa amesimama, machozi yakimtiririka. Ya kwanza ilikaa mezani hadi ulanzi ukachacha. Asubuhi akaumwaga, akaosha mbeta, akamkabidhi mumewe aende nayo shambani.