Ulimi wa Mestre Nurdine

"Dada Ancha, kaka yako anaumwa, au anatukimbia?"

Jirani yangu Zuleica aliniuliza hivyo kisimani. Ndoo yake ilikuwa imeshajaa, kwa hiyo nilijua alikuwa ananingoja mimi. Ramadhani ilikuwa imeingia kumi la mwisho, na Nurdine hakuwa ameonekana msikitini tangu siku bahari ilipoingia kwenye mpunga wetu.

"Yuko nyumbani," nikamjibu, nikainamisha macho, maana hata mimi sikujua ana nini.

Nurdine ni kaka yangu wa tumbo moja. Tangu mkewe afariki anakaa kwangu. Hapa Olumbi, na mpaka Mute kule barabarani, ukisema Mestre tu, yaani fundi, watu wanajua ni huyu. Kazi yake ni kutengeneza pampu za dizeli za makatapila ya zamani, yale yanayotembea kwa minyororo badala ya magurudumu. Alijifunza ujanani, kwenye shamba kubwa la minazi. Makatapila yalikuwa mengi wakati huo. Sasa limebaki moja linalonguruma, nalo linanguruma kwa sababu yake. Tulipokimbia vita, wengine walibeba magodoro na kuku. Yeye aliifungua pampu ya katapila hilo, akaipaka grisi, akaifunga kwenye kanga ya marehemu mkewe, akaifukia chini ya jiko. Tuliporudi, nyumba haina paa, pampu ipo. Ndiyo maana watu wanampenda.

Ndani ya pampu mna vyuma vyembamba kama kidole cha mtoto, kila kimoja na ala yake, vimekaliana hata pumzi haipiti. Ukivichanganya umeharibu. Nurdine huvipanga mkekani juu ya kitambaa cheupe, amefunga madirisha vumbi lisiingie, na ukimsemesha hakujibu. Adui wa vyuma hivyo ni maji, na ya chumvi ndiyo mabaya zaidi. Sasa dizeli yetu huja kwa boti, kwenye madumu, na mawimbi hayana adabu na mfuniko uliolegea. Kwa hiyo kabla haijamiminwa, Nurdine huchukua kikonyo cha jani la mpapai, kile chenye tundu, akakizamisha mpaka chini ya dumu, akanyonya tone, akalionja, akatema. Amefanya hivyo maisha yake yote.

"Macho yanadanganyika," husema, "pua inadanganyika. Chumvi haiudanganyi ulimi."

Mwaka huu bamvua kubwa iliangukia katikati ya Ramadhani, mwezi ulipojaa. Bonde letu la mpunga linakingwa na tuta la udongo, na mvua zilikuwa zimelitoboa pengo. Mpunga ulikuwa umeshatoa masuke. Pengo lisipozibwa kabla ya bamvua, bahari itaingia, na sisi tumekwisha. Kazi ile ilikuwa ya katapila. Tukamtuma Abdulai, nahodha wetu, alete dizeli.

Aliileta asubuhi. Mimi nilikuwepo, na kina mama wengi tulikuwa pale, na vikapu vyetu.

"Mestre, onja vizuri," Abdulai akamwambia. "Jana tumepigwa, boti limekunywa maji. Haya madumu siyaapii."

Nurdine akakata kikonyo chake. Alipokiinamisha tu kwenye dumu, Zuleica, na mnajua mdomo wake, akapiga kelele: "Jamani, Mestre anafuturu mapema! Kwa dizeli!"

Tukacheka sote. Ulikuwa mzaha tu. Nurdine alisimama na kikonyo mkononi, na mvi zake zote, kama mtu aliyekutwa bafuni. Kisha akalibeba dumu akazunguka nalo nyuma ya katapila. Alikaa kidogo, akarudi anapangusa midomo.

"Nimeonja," akasema. "Safi. Mimina."

Katapila lilifanya kazi siku ile mpaka karibu na magharibi, pengo likabaki nusu. Kesho yake likakataa kuwaka. Nurdine akaifungua pampu pale pale juu ya tuta, na vyuma vyake vilikuwa vimeshikana na ala zake, vina kutu nyekundu. Tukachukua majembe, tukajaza udongo kwenye vikapu, na saumu zetu na jua lile. Alasiri maji yakapanda. Yalipita juu ya vikapu vyetu bila kelele, yakaenda kusimama katikati ya masuke. Mpunga ukipigwa na chumvi haufi siku hiyo. Unaendelea kusimama, unapauka taratibu, na ukilipuliza suke linapeperuka.

"Abdulai! Umetuletea bahari ndani ya madumu!" Zuleica alilia.

Abdulai akamtazama kaka yangu. "Mestre ameonja," akasema. "Muulizeni yeye."

Nurdine alikuwa ameikumbatia ile pampu kama mtoto mwenye homa. Akainama, akaendelea kuipangusa. Basi watu wakajihukumia wenyewe: kama Mestre ameonja na ilikuwa safi, basi madumu yaliyobaki Abdulai aliyabadilisha baadaye. Tangu siku hiyo hakuna aliyemtuma Abdulai kitu. Boti lake likalala mchangani, na mkewe akawa anachota maji sisi tukishaondoka.

Siku ile ya swali la Zuleica nilirudi nyumbani nikawasha moto uani, nipike matapa ya futari, majani ya muhogo. Yalipochemka nikaweka tone kwenye ncha ya ulimi, nikatema.

"Ancha!" Nurdine alikuwa amesimama mlangoni. "Mchana wote huu?"

"Mchana wote huu nini?"

"Unakula!"

"Naonja chumvi, kaka. Ncha ya ulimi, unatema, basi. Saumu haina neno."

"Nani kasema?"

"Maalim kasema, mama alisema, kila mwanamke anayepika anajua. Au unadhani futari inajitia chumvi yenyewe?"

Nilikuwa nacheka. Yeye hakucheka. Alikaa chini pale pale, kwenye majivu, na kanzu yake.

"Na dizeli?" akauliza kwa sauti ndogo. "Nayo ni hivyo hivyo?"

Nikauacha mwiko. "Kaka. Hukuonja?"

"Ramadhani zote sikuwahi kuliwaza, mpaka Zuleica aliposema nafuturu. Mlikuwa mnanitazama, mnacheka. Niliinusa, nikaisugua kidoleni. Nikasema Mungu atanisaidia."

"Si ungemuuliza Maalim?"

"Na mvi hizi? Nikamuulize kama naweza kulamba dizeli? Niliona haya."

"Lakini ulisema umeonja."

"Nilisema." Akajifunika uso kwa mikono yake. "Tone la dizeli nililiogopa, uongo nikausema mbele ya watu na saumu yangu kinywani. Na Abdulai nikamwacha aubebe."

Matapa yaliungua siku ile, tukafuturu kwa maji na muhogo.

Siku ya Idi, baada ya sala, alinisihi nifuatane naye kwa Abdulai. Tulimkuta barazani. Hakusema karibu. Nurdine akaeleza yote, amesimama, macho kwenye vidole vya miguu yake.

Abdulai akamsikiliza mpaka mwisho. "Mestre," akasema, "mimi nilikuwa najua. Mtu akionja dizeli hutema mpaka kesho. Wewe ulirudi kinywa kikavu. Lakini ningesema, nani angeniamini mimi mbele yako?"

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Msamaha ni mwepesi, leo Idi. Ila unakuja kuniambia mimi ninachokijua. Kawaambie wasiojua."

Basi tukaenda bondeni. Kina mama walikuwa upande wa juu, wanakata kilichopona, kidogo sana, na wengine walikuwa bado na nguo za Idi. Nilitaka kumshika mkono juu ya tuta, akanikatalia.

"Mestre!" Zuleica akaita. "Homa imepoa?"

Wachache wakacheka. Nurdine akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili. Mtu mmoja akasema nyamazeni, na visu vikasimama. Nami nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yake. Kisha kaka yangu akasema:

"Abdulai aliniambia nionje. Sikuonja, na nikasema nimeonja. Naomba mumtume tena safari zenu. Pampu nitaitengeneza, lakini dizeli naomba aonje mtu mwingine."