Pesa Zilizotangulia Kufika Nyumbani

Nakumbuka siku moja ya Jumatatu, mwanangu, nimesimama kwenye ngazi za ofisi moja ya kusafirisha wanafunzi mjini Embu na begi langu jipya, naambiwa kwamba safari yangu haipo tena. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu. Sasa mvi zimeanza kunichungulia, na nawaona wewe na wenzako mkihangaika na Kijerumani na Kijapani kwenye simu zenu, mkiota ndege. Oteni tu, siwakatazi. Ila kuna jambo ambalo mwalimu wa lugha hatakufundisha, na mimi nililijifunza kwa bei kubwa.

Kwetu ni Mitunguu. Baba alikuwa mkulima wa ndizi, mtu wa maneno machache na kofia moja. Safari ilikuwa ya Ujerumani, miezi sita ya kusoma lugha, ili baadaye nitafute nafasi ya uuguzi huko huko. Baba hakuwa na pesa za namna hiyo, kwa hivyo tukafanya harambee uwanjani mwa kanisa. Unazijua harambee zetu: mkungu mmoja unanadiwa, aliyeununua anaurudisha, unanadiwa tena, mpaka ndizi zichoke kabla ya watu. Bibi mmoja jirani alileta mayai ndani ya kitambaa, akasema hana kingine. Majina yalisomwa, wazee wakaniombea, na pesa zote zikaingia kwenye simu ya Baba. Yeye ndiye aliyezilipa kwa ile ofisi, kwa jina lake na kitambulisho chake.

Ile ofisi haikuwa ya wezi, nisiisingizie. Shule ya Ujerumani ilikosa wanafunzi wa kutosha, ikafunga darasa, nasi tukaambiwa ukweli mchana kweupe. Wenzangu walipiga simu makwao wakilia, kisha wakapanda magari wakaenda zao. Mimi nilishindwa. Kanisa zima lilikuwa limeniaga jana yake. Kwetu, mtu aliyeombewa njia harudi kabla hajafika, na aliyebebwa na mifuko ya watu akirudi ataulizwa amerudi na nini. Mkono mtupu haulambwi. Nikaapa moyoni kwamba nitarudishiwa zile pesa kwanza, ndipo nikanyage Mitunguu.

Rafiki yangu Wanja, niliyesoma naye sekondari, alikuwa amepanga chumba mtaa wa Dallas, hapo hapo Embu. Nikalala kwake. Siku ambayo ndege ingetua, nilipiga simu nyumbani nikasema nimefika salama, na kwamba laini yangu ya zamani inafanya kazi hata huko ng'ambo. Mama akapiga kigelegele. Wiki hiyo hiyo nikaenda ofisini kudai.

"Pesa itarudi," dada wa pale mezani aliniambia, "lakini inarudi kwa mwenye alilipa. Huyo ni mzee wako. Mwambie akuje na kitambulisho, asaini."

"Hamwezi weka kwa simu yangu? Mimi ndio nilikuwa nasafiri."

"Wewe ndio ulikuwa unasafiri, lakini yeye ndio alilipa. Mlete tu mzee. Ni kitu ya siku moja."

Kitu cha siku moja, mwanangu! Kutoka Mitunguu hadi Embu si mwendo wa kumshinda mzee mwenye afya. Lakini ningemwambiaje aje Embu kunisaidia, nami nimeshamwambia niko Ujerumani? Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini yangu niliivuta ikawa ya miezi. Nikapata kazi ya kuosha sufuria katika hoteli moja karibu na soko. Kila nilipopata nafasi nilirudi ofisini kumbembeleza yule dada abadilishe jina, naye kila mara alinijibu vilevile.

Jumapili Baba alinipigia akitoka kanisani.

"Karimi, huko baridi iko aje?"

"Ni mingi, Baba. Theluji imefika kwa magoti."

"Na unakula vizuri?"

"Nakula, Baba."

"Haya. Ukichoka, rudi. Hapa ni kwenu."

Kila Jumapili alimalizia hapo hapo, nami nikaona ni maneno ya mzee tu. Nikikata simu narudi kwenye masizi yangu, jua la Embu likinichoma kisogo. Wanja akachoka nami. "Karimi, wewe ulifutiwa safari, hukuua mtu," alisema. "Enda nyumbani." Nikamnunia siku nyingi. Ukweli ukitoka kwa mtu unayelala chumbani mwake unauma mara mbili.

Mara ya mwisho kwenda ofisini, yule dada aliniambia maneno mafupi: "Hiyo yenu tulishamaliza." Sikumwuliza wameimaliza vipi. Niliogopa kusikia kwamba muda umepita na pesa zimepotea. Kuuliza si ujinga, lakini mwenye aibu hata kuuliza huona ni kuvuliwa nguo. Nikarudi zangu Dallas, nikalia, nikajiambia kwamba sasa sina tena njia ya kwenda kwetu.

Kisha asubuhi moja Mama akapiga.

"Baba yako ametuacha. Ni presha. Kuja leo."

Nilikaa chini sakafuni. Sikusikia vizuri lile la kwanza kwa sababu ya lile la mwisho. Hakuna anayemwambia mtu wa Ujerumani aje leo.

Nilipofika nyumbani, watu walikuwa wamejaa uani. Walinishika mkono mmoja mmoja wakaniambia pole. Hakuna aliyeuliza habari za ndege, hakuna aliyeuliza Wazungu wanaishije. Yule bibi wa mayai alinikumbatia, akasema, "Umefika, mama. Tulikuwa tunakungoja." Nikatamani anitukane.

Mama alinivuta jikoni, akanieleza akiwa anakoroga uji, bila kuniangalia. Ofisi ilimpigia Baba mwezi wa pili tangu niondoke, kwa kuwa namba iliyolipa ilikuwa yake. Akaenda Embu na kitambulisho chake, akasaini. Yule dada akamwambia kwamba binti yake huja pale mara kwa mara kubembeleza, na kwamba yuko hapo hapo mjini. Pesa zilirudi zimekatwa kidogo, gharama za ofisi. Baba akauza ndama ajazie pengo, kisha akapita nyumba kwa nyumba kumrudishia kila mtu alichotoa. Wengine walikataa, wakasema pesa ya harambee hairudi. Akawaachia mezani. Kila mahali alisema, "Safari ya msichana ilifutwa. Si makosa yake."

"Na kwa nini hamkuniambia?" nikauliza.

"Mimi nilitaka kukuja Embu nikubebe na hii mikono," Mama alisema. "Baba yako akakataa. Akasema mtu mwenye aibu akifuatwa atakimbia mbali zaidi. Akasema utarudi mwenyewe. Kila Jumapili anakupigia, halafu anakaa hapo nje mpaka giza."

Nimfiche nani? Nilimkasirikia marehemu, Mungu anisamehe. Nilimkasirikia kwa kunisikiliza nikimdanganya habari za theluji bila kukohoa. Kisha hasira ikaisha, na kilichobaki hakijaisha mpaka leo. Deni nililoogopa lilikuwa limelipwa. Kicheko nilichokimbia hakikuwepo. Miezi yote ile ningeweza kupanda gari asubuhi, nikala chakula cha mchana na baba yangu.

Basi sikia, mwanangu. Ukilipiwa safari, ujue jina la nani liko kwenye risiti, maana pesa ikirudi itamtafuta huyo. Safari ikifutwa, dai haki yako mapema na bila kunong'ona, na usiende peke yako. Nenda na yule aliyelipa, akiwa na kitambulisho chake. Lakini kabla hujaenda kudai chochote, piga simu nyumbani useme neno lenyewe: imefutwa. Watu waliokuchangia walikuchangia wewe, si ndege. Mficha maradhi, kilio humfichua, na kilio kilichonifichua mimi kilikuwa cha baba yangu. Na wewe unayelea, usikae uani ukingoja mtoto ashinde aibu yake peke yake. Baba alikuwa mtu mwema kuliko wote niliowajua, na hapo alikosea. Mfuate. Akikimbia, mfuate tena.

Mungu akubariki, mwanangu, azibariki lugha unazojifunza na mikono iliyokuchangia. Akufikishe unakokwenda. Na asipokufikisha, akurudishe kwenu ungali na mtu wa kumwambia ukweli.