Siku Nilipojaza Uwanja wa Nakivale kwa Mawe

Jamani, kabla mtu mwingine hajawasimulia kwa kuongeza chumvi, acha niseme mwenyewe: aliyeikosesha Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi hapa Uganda, timu ya ligi ni mimi, prezida wa washabiki, yule yule mnayemwona na ngoma na jezi ya kijani iliyopauka. Naona haya hata kusimulia, lakini nitasimulia.

Chanzo ni mdogo wangu Bahati, aliyehamishiwa Kanada na familia yake, katika mji mdogo wenye baridi ambayo akiisimulia kwenye simu mimi huku natafuta sweta. Kule wanacheza hoki, mpira wa kwenye barafu unaopigwa kwa fimbo (si mpira hasa, ni kidude bapa, lakini tumwachie), na Bahati, ambaye hapa hakujua hata goli liko upande gani, sasa ndiye mwehu wa hoki kuliko wenyeji. Aliniambia timu yao ilichukuliwa ikapelekwa mji mkubwa, watu wazima wakalia, wakakaa miaka mikavu bila timu, na siku waliposikia kuna nyingine inatafuta pa kuhamia wakanunua viti vyote hata kabla haijapata jina.

"Yaya, timu inafuata bantu," aliniambia, maana kwetu mkubwa wako unamwita yaya. "Iko muji mwingine balijenga uwanja muzima, na timu haiyafika mpaka leo. Banangojea tu."

Basi niliposikia kwamba klabu moja ya Mbarara imechoka kucheza kwenye uwanja wao wa Nyamitanga mbele ya viti vitupu (mjini watu wanatazama mpira wa Ulaya kwenye televisheni, wa nyumbani hawautaki), na kwamba inachagua kati ya mji wa Kaberebere na sisi, niliapa timu hiyo italala Nakivale. Wangekuja Jumamosi kucheza mechi ya kirafiki na vijana wetu, na katibu wao angeangalia kama tuna washabiki. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kujaza uwanja.

Sasa mjue kwamba kanisani kwetu msoma matangazo ni mimi. Na kwa mama zetu wa kanisa mpira ni mambo ya wahuni, ukiutaja wanakutazama kama umetukana. Kwa hiyo nikaamua (uamuzi mdogo tu, niliuona hata wa busara) nisitaje mpira. Nikasimama nikasoma: "Wapendwa, Jumamosi wageni wanatoka Mbarara kuja uwanjani kuona tuko wangapi. Asibaki mtu nyumbani." Vichwa vyote vikainuka. Na mimi, sijui ni shetani gani aliyenishika ulimi, nikaongeza: "Mwenye karte ya familia aje nayo."

Kwetu, ukisema karte ya familia, ile iliyoandikwa majina ya wote wa nyumba na ambayo bila hiyo hupati hata sabuni, wala huitwi kuhamia ng'ambo, mtu anaacha chungu kwenye moto. Nilijua. Hiyo ndiyo aibu yenyewe, kwamba nilijua.

Jumamosi nikafika uwanjani alfajiri kuchora mistari, nikakuta mawe. Hapa foleni hatuipangi kwa miguu, unaweka jiwe lako, unaenda kulima, ukirudi nafasi yako iko pale pale, na anayegusa jiwe la mtu ametafuta vita. Mstari wa mawe ulianzia kwenye meza ya wageni, ambayo mimi mwenyewe niliiweka jana yake nyuma ya goli kwa mbwembwe, na kitambaa juu, ukapita kwenye goli, ukakata uwanja katikati, ukatokea goli la pili hadi kwenye mihogo ya watu.

Ilipofika saa nne kila jiwe lilikuwa na mwenyewe. Katibu akashuka garini, mwanajeshi mstaafu, wote wanamwita Afande, akatazama umati akasahau hata kufunga mlango.

"Eh! Hii watu yote nakuja ya mpira?"

"Wote, Afande."

"Basi hii kazi nakwisha. Timu nakuja hapa."

Jamani, ningeweza kumbusu. Halafu Afande akakaa mezani, akatoa daftari na kalamu.

Lo! Kumbe walichokuwa wanangoja ni kalamu. Umati wote ukasimama kwa mara moja. Wa kwanza alikuwa jirani yangu Mama Nabintu, ambaye mwanawe alishahamishiwa ng'ambo na ambaye jiwe lake lililala pale tangu Ijumaa. Akaweka karte mbele ya Afande, nyuma yake wajukuu wanne waliopakwa mafuta wanang'aa.

"Tuko batano," akasema. "Andika."

Afande akanitazama. Nikajifanya nakaza ngoma. Wakati huo wachezaji walikuwa wanaingia, na golikipa wa Mbarara, maskini, akaokota jiwe alitupe nje. Mama watatu wakamrukia: "Acha jiwe yangu!" Refa kuona fujo akapuliza filimbi, na pale ndipo nilipojua nimekwisha, kwa sababu siku za kugawiwa chakula filimbi maana yake kaeni chini. Wakakaa wote, kwa utaratibu mzuri ajabu, familia kwa familia, kutoka goli hadi goli.

Nikachukua kipaza sauti nikapiga kelele, "Shangilieni! Shangilieni basi!" Mtoto mmoja tu akapiga makofi, mama yake akamshika mikono.

Hapo nikashindwa. Nikasema kwenye kipaza sauti kwamba hakuna kuandikwa wala kuhesabiwa kwa lolote, ni mechi tu, na uongo ni wangu.

Mama Nabintu akasimama polepole.

"Prezida, njo mupira tu?"

"Ni mpira tu, mama."

"Nilipiga hata pasi ku kitenge. Nilisema pengine banatuita tuende kwa mutoto wangu kule."

Hakunitukana. Angenitukana ningepona. Alikunja karte yake, akachukua jiwe lake, akaondoka na wajukuu, na umati ukamfuata. Mechi ilichezwa mbele ya washabiki kumi na mmoja, mmoja wao amelala.

Afande alifunga daftari lake. "Wewe leo nadanganya watu yako, kesho nadanganya mimi. Timu nakwenda Kaberebere."

Wiki nzima nilipita njia za nyuma. Lakini kukata tamaa sikukata. Jumapili nikamwomba mchungaji tangazo moja, akanipa huku akiniangalia kwa jicho la pembeni. Nikaomba msamaha mbele ya kanisa zima, kisha nikasema: "Jumamosi tunaenda Kaberebere kushangilia mpira. Mpira mtupu. Hakuna sabuni, hakuna mafuta, hakuna kuandikwa. Anayetaka apande lori la matoke." Watu walicheka mpaka mchungaji naye akacheka.

Hatukujaza hata nusu ya lori. Tulipokuwa tunaondoka akatokea Mama Nabintu na kitenge chake, jiwe mkononi.

"Mama, leo ni mpira tu," nikamwambia, maana sasa naogopa.

"Najua. Leo ulisema. Nisaidie nipande."

Kule Kaberebere aliliweka jiwe pembeni mwa mstari, akakaa nyuma yake, na timu ile ya Mbarara ilipofunga bao alipiga vigelegele mpaka Afande akaja kuuliza huyu mama anatoka wapi. "Nakivale, na amekuja kwa mpira," nikasema, na safari hii ilikuwa kweli.

Kutangaza jambo nusu sitarudia tena, hata kama ningeambiwa nusu ile inatuletea timu tatu. Tuliporudi, Mama Nabintu aliomba lori lisimame kwenye uwanja wetu. Akashuka, akaweka jiwe lake kando ya mstari wa katikati.

"Siku timu inakuya," akasema, "fasi ya mbele ni yangu."

Jiwe liko pale mpaka leo, hakuna aliyeligusa. La pili nyuma yake ni langu.