Kompyuta Iliyokwama Kwenye M

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuwashuku watu ambao majina yao yanaanza na M. Huku Ukambani hiyo ni sawa na kushuku nusu ya kijiji.

Ilikuwa Kyuso, miaka ya tisini, na kompyuta nilikuwa nimejifundisha mwenyewe kwa kitabu kilichong'oka jalada. Chama cha wakulima kiliniajiri niandike programu ya kuchapisha vikaratasi vya mbegu za ndengu. Bila kikaratasi, stoo haikutoa mbegu. Na mbegu zilitakiwa kuwa ardhini kabla ya mvua, maana huku tunapanda vumbini. Ukingoja tope, umechelewa.

Programu ilifanya kazi chinichini. Ilichapisha kwa mpangilio wa alfabeti, mkulima mmoja baada ya mwingine, huku karani akiendelea kuhudumia watu kwenye mashine hiyohiyo. Nilikuwa nimeipiga msasa mpaka nikaogopa watu wengine kuigusa. Ilipofika M, mashine ilianza kujikokota, kisha ikakwama. Tukaizima, tukaiwasha, tukaanza upya kutoka A. Ikakwama kwenye M.

"Lazima kuna jina limeandikwa vibaya," nilimwambia meneja.

Nikakagua rekodi za M moja moja. Nikaondoa nukta zilizozidi, nikasawazisha nafasi kati ya maneno. Nilijua fika kwamba nukta haiwezi kuua kompyuta, lakini nilizirekebisha zote. Ikakwama tena. Nje foleni ilikuwa ileile ya jana, na mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya vilima.

Mama mmoja aliyekuwa akirudi bure kila siku aliinama dirishani.

"Kijana, sisi wa M tumekukosea nini?"

"Hamjakosea, mama. Ni mashine."

"Basi niandike kwa jina la mume wangu. Yeye ni K."

"K alishachukua yake," mzee nyuma yake akasema. "Ama unataka kupanda mara mbili?"

Foleni ikacheka. Meneja hakucheka. "Mvua ikiwapata hawa bila mbegu," akaniambia, "hiyo kompyuta utaibeba kichwani mpaka kwenu."

Kwa hasira nikaiagiza programu ianzie M moja kwa moja, nimnase mkosaji. Yule mkulima ambaye ilikuwa ikimkwamia alipita bila shida. Wa M wote wakapita. Ikaenda kukwama kwenye N.

Kumbe hakukuwa na mkosaji. Jambo halikuwa nani anapita, bali ni wangapi wameshapita.

Nikaweka tarakimu kwenye pembe ya skrini, ionyeshe kumbukumbu iliyobaki. Karani alipofungua ukurasa wa mkulima, tarakimu ilishuka. Alipoufunga, ikapanda tena. Nikawasha kazi ya chinichini. Ilishuka kila kikaratasi kilipotoka, na haikupanda hata mara moja.

Hapo nikaona. Kwa kuwa diski ilikuwa ya polepole, nilikuwa nimeifundisha programu kuweka kwenye kumbukumbu kila jibu ililolipata kwenye diski, isiulize swali lile lile tena, na kuyatupa majibu ukurasa unapofungwa. Lakini kazi ya chinichini haikufungua ukurasa wowote, kwa hiyo haikuwa na wa kufunga. Ilibeba habari za kila mkulima mpaka ikashindwa kupumua, na hakuna mkulima hata mmoja ambaye ingeulizia habari zake mara ya pili. Huo ndio ujanja niliojivunia kuliko yote. Nilitamani kujipiga kofi.

Niliongeza mstari mmoja: tupa majibu baada ya kila kikaratasi. Mashine ikavuka M, ikavuka N, ikafika mwisho. Yule mama alichukua mbegu zake jioni ile akaondoka bila kuniaga. Alipanda kabla ya mvua. Nilimuuliza baadaye, sokoni.

Siku hizi, kabla ya kuifundisha programu kukumbuka kitu, naandika kwanza mahali itakapokisahau.