Maji ya Kwanza ya Maharage

Kwa miaka kumi na moja nilimshitaki mke wangu kwa kosa la maharage. Mlalamikaji nilikuwa mimi, shahidi mimi, hakimu mimi.

Ilikuwa kijijini kwetu Igowole, msimu wa kuchimba viazi. Tulikula ugali na maharage palepale shambani. Nilipoinua gunia la pili kifua kikabana, maumivu yakapanda hadi taya. Nikakaa juu ya tuta, jasho likinitoka katika baridi ile. Mke wangu akasema twende hospitali. Mimi nilikuwa na kidato cha nne, na baiolojia nilifaulu, kwa hiyo sikuona sababu ya kumsumbua daktari.

"Ni gesi," nikamwambia. "Hukumwaga maji ya kwanza."

Kwetu maharage yakishachemka, maji ya kwanza humwagwa, ndipo yanabandikwa upya. Kumwambia mpishi hakumwaga ni kumtukana. Alisema amemwaga. Nilikunywa maji ya magadi, siku ya tatu maumivu yakaisha, nami nikaona kesi imethibitika.

Ningeishia hapo, labda. Lakini kisa kilichekesha. Nilikisimulia harusini Kilolo, nikakisimulia kwenye jumuiya, kila mara nikiongeza chumvi. Kidogo kidogo, kina mama walipogawana kazi msibani, mke wangu hakupewa tena sufuria kubwa la maharage, ambalo zamani lilikuwa lake bila kuulizwa.

"Wewe dada menya vitunguu," walimwambia, "tusije tukazika wawili."

Alicheka pamoja nao. Nyumbani aliacha kabisa kupika maharage, na mimi nikaliita hilo heshima.

Mwaka jana nikaanza kuhema kwa kutembea tu kutoka bombani hadi mlangoni. Iringa wakanipima, wakasema moyo unasukuma kwa unyonge ila sababu haionekani. Wakanielekeza Mbeya, kwenye mashine ya sumaku inayopiga picha nyama yenyewe ya moyo, ijulikane ipi nzima na ipi imekufa.

Kijana wa mashine aliniambia nivue kila chenye chuma. Nikaingia kwenye lile tundu bila saa, bila mkanda, bila meno yangu ya bandia. Mashine iligonga kama mafundi kumi wanaoezeka bati. Sauti ikawa inaniamuru: "Vuta pumzi. Toa. Zuia." Katikati wakanichoma dawa mshipani, tukasubiri, wakaendelea kugonga. Mimi ambaye sikuwahi kumwacha mtu amalize sentensi, nilinyamaza karibu saa nzima.

Daktari alikuwa mwanamke wa umri wa binti yetu wa mwisho. Alituamkia mimi na mke wangu, akatugeuzia kioo cha kompyuta. Moyo wangu ulikuwa duara jeusi, na upande mmoja mstari mweupe.

"Dawa tuliyokuchoma hukawia penye kovu," akasema. "Ndiyo maana hapa panang'aa. Baba, hii nyama ilikufa zamani. Uliwahi kupata shambulio la moyo. Unakumbuka maumivu makali ya kifua?"

"Hapana," nikasema.

"Anakumbuka," akasema mke wangu. "Aliniambia ni maharage."

"Maharage gani, mama?"

Akamweleza. Gunia, tuta, taya, jasho, maji ya magadi. Hakuruka kitu, wala hakupandisha sauti. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, akaangalia tena picha.

"Mama, maharage hayaachi kovu la namna hii."

"Hilo unaweza kuliandika?"

Daktari akacheka, akasema fomu haina nafasi ya maharage. Akaongeza kuwa sehemu kubwa ya nyama bado iko hai, vidonge vitaisaidia. Nikamuuliza, ningekuja siku ile je? Akasema huenda wangeokoa na ile iliyokufa. Mke wangu akatazama dirishani. Njia nzima ya kurudi hakunisema, na afadhali angenisema.

Msiba uliofuata kijijini, niliondoka pale walipokaa wanaume, nikaenda nyuma ya nyumba, jikoni kwa kina mama, mahali ambapo mzee hana shughuli. Nikawaambia nimepigwa picha, ulikuwa moyo, maharage yalikuwa salama siku zote.

"Kwa hiyo baba ulimsingizia?" akauliza mmoja wao.

"Ndiyo."

"Na sisi ukatuchekesha?"

"Ndiyo."

Hakuna aliyecheka. Yule aliyekuwa na mwiko akampa mke wangu. Mke wangu akamalizia kwanza kitunguu alichokuwa anamenya, akafuta mikono kwenye kitenge, akainuka. Sufuria lilikuwa limeanza kuchemka. Akaita wawili wamsaidie kulishika kwa matambara, kisha akanigeukia.

"Baba, usiondoke. Sogea hapa uone."

Nikasogea. Wakaliinamisha taratibu, maji ya kwanza yakamwagika yote chini, na yeye akangoja mpaka nikatikisa kichwa kukubali kwamba nimeona.