Jumwa Ndani ya Gemu

Changawa hakuumbiwa kukaa. Kanisani husimama nyuma, karibu na mlango. Kwenye matanga huwa wa kwanza kujitolea kwenda kutafuta kuni, na hata chai huinywa akizunguka ua kama mtu aliyepoteza funguo. Kazini hali hiyo ilimfaa, kwa kuwa aliendesha foklifti katika yadi ya makontena pale Miritini, na foklifti haimtaki mtu wa kutulia. Nyumbani ndiko alikomchosha mkewe, Fancy, mzaliwa wa Kericho, ambako watu wakikaa huwa wamekaa kweli.

Basi mwone Fancy anavyoshangaa siku anapomkuta mtu huyohuyo ameganda mbele ya kompyuta kuukuu, jioni baada ya jioni, anachora vijiraba vya rangi.

Kisa kilianza Krismasi. Mama yake Changawa, Jumwa, alikuwa ameshuka kutoka Bamba kuja kumwona mjukuu wake, Cindy, ambaye ni somo yake. Kwa Wagiriama binti wa kwanza huitwa jina la mama mzaa baba, kwa hiyo Cindy wa shuleni ni Jumwa wa nyumbani. Lakini nyumba hiyo ilisema Kiswahili, na Kiswahili cha bibi kilikuwa cha kununulia chumvi na kuulizia nauli. Kigiriama cha Cindy hakikuwepo kabisa. Wiki nzima Jumwa wawili wale walikaa kochi moja wakitabasamiana hadi mashavu yakawauma. Siku ya kuondoka, bibi alisimama mlangoni akamwambia mwanawe, bila kupunguza sauti, "Mimi si gunia la mahindi la kuegeshwa ukutani. Nitakuja Agosti. Nisipomkuta mtoto wa kuongea naye, msinitoe kwangu tena."

Maneno yale yalimkaa Changawa kooni. Alijaribu kumfundisha mtoto kwa mdomo, akashindwa siku ya pili. Kila Cindy alipofikiria jibu, baba mtu alikuwa amekwisha kulijibu mwenyewe. Ndipo akakumbuka kibanda cha gemu cha utotoni mwake kule Kisauni, na televisheni yake ya kioo kilichotuna. Kulikuwa na shujaa mdogo wa vijiraba aliyetembea kijiji hadi kijiji akizungumza na kila aliyemkuta. Kiingereza cha kwanza Changawa alikiokota kwa shujaa yule, kabla mwalimu yeyote hajamgusa kwa fimbo. Kama Kiingereza kiliingia kwa vidole, Kigiriama kingeshindwaje?

Akapata programu ya bure ya kutengenezea gemu. Mafunzo aliyatazama kwenye simu wakati wa mapumziko ya chai, amesimama, bila shaka. Shujaa wake akawa msichana aliyevaa hando, ile sketi ya marinda ya Wagiriama, amebeba kibuyu, jina lake Jumwa. Kisima cha kwao kimekauka, naye anatumwa kutafuta maji. Kila anayekutana naye humpa neno la Kigiriama. Akilitumia vizuri, lango hufunguka. Akilikosea, kima humpora kibuyu na kumzomea.

Mwanzoni aliweka na salamu, kama alivyozisikia kwao. Salamu za Mgiriama ni safari ndefu: umeamkaje, watoto wameamkaje, mbuzi je, shamba je, mwili je. Mzunguko wa kwanza kila kitu huwa kizuri. Ukirudia mzunguko wa pili, hapo ndipo mtu hutoa yaliyo moyoni. Changawa alipolijaribu gemu lake, alibonyeza, akabonyeza tena, na mzee wa kwanza bado alikuwa anaulizia mbuzi. Vidole vilimwasha. "Nani ana muda huu?" akasema, akazifuta salamu zote, na hodi akaifuta pia. Jumwa aingie nyumba ya watu, afunue mtungi, achukue, atoke. Gemu likawa jepesi, likateleza vizuri. Hapo ndipo alipoliharibu, na hapakuwa na wa kumwambia, maana Fancy hakijui Kigiriama na Cindy alikuwa anashangilia.

Tena mtoto alishika haraka ajabu. Kufikia Julai alijua maji, mbuzi, jicho, mkono, mtungi, nipe, leta, kiko wapi. Changawa aliona amemaliza kazi. Aliringa hadi yadini, akiwaonyesha madereva wa malori, ambao walisifu kwa adabu na kuuliza kama kuna la mpira.

Agosti bibi akaja na kuku wawili na mfuko wa mhogo. Hajakaa vizuri, Cindy akaruka mbele yake, macho yanang'aa, akatamka kwa Kigiriama safi kabisa, akianza na hawe, yaani bibi, "Hawe, una nini? Kiko wapi? Nipe!"

Bibi alimtazama mjukuu, kisha akamtazama mwanawe.

"Mwanao ananidai nini?"

"Hakudai, mama. Anaongea! Si ulitaka aongee?"

"Haya maneno ameyatoa wapi?"

Cindy akaileta kompyuta mbio. Bibi aliinama hadi pua ikakaribia kugusa kioo, huku Changawa akimweleza kila kitu kwa kiburi cha fundi: huyu ni msichana, hii ni nyumba, huu ni mtungi.

"Mwenye nyumba yuko wapi?" akauliza bibi.

"Yupo tu, amesimama pale."

"Na msichana anachukua kilicho mtungini mwenyewe akimtazama? Hata hodi hakupiga?" Akamwelekezea msichana kidole. "Anaitwa nani mwizi huyu?"

Changawa alitamani ardhi ipasuke. Cindy ndiye aliyejibu, kwa furaha tele: "Jumwa!"

"Kesho asubuhi nipeleke stendi," bibi akasema.

Aibu ilimchoma Changawa, na aibu ikimchoma hutafuta kazi ya mikono. Akaivuta kompyuta akaanza kuandika. "Mama, salamu zilikuwepo wallahi. Nilizitoa kwa sababu zilikuwa zinachelewesha. Nazirudisha sasa hivi, usiende." Akamgeukia binti yake, akamwambia kwa Kiswahili, "Umemwingia bibi bila hodi wala salamu. Kosa ni langu, si lako."

Cindy alitoka nje, akaufunga mlango, akabisha.

"Hodi!"

Bibi alimwacha asubiri. Lori moja likapita barabarani, na la pili. Hodi ya pili ikaja, ndogo zaidi.

"Karibu," bibi akasema.

Mtoto akaingia, akakaa mkekani, lakini maneno hakuwa nayo. Changawa akawa anamsomea swali kutoka kwenye kompyuta bila kugeuka. Cindy analirudia, bibi anajibu, na Changawa anaandika jibu ndani ya gemu. Umeamkaje, hawe? Vizuri. Mbuzi wameamkaje? Vizuri. Shamba? Vizuri. Macho? Mazuri. Magoti? Mazuri. Vidole vya Changawa vilikuwa vinakimbia. Alipofika mwisho akapumua, akataka kufunga.

"Zungusha tena," bibi akamwambia mjukuu. "Ndivyo inavyokwenda."

Cindy akaanza upya, sasa bila kusomewa. Mbuzi je? Walibaki wawili, wengine ukame uliwamaliza. Shamba je? Limelala. Macho je?

"Jicho la kulia lipo," bibi akasema, akanyoosha kidole kwenye la kushoto. "La kushoto lilizima kabla ya masika."

Changawa hakuandika. Cindy alikuwa amelielewa neno jicho. Alisogea, akamshika bibi yake shavu la kushoto na kulitazama jicho lile kwa karibu, na bibi akamwacha alitazame.

"Mama," Changawa akasema. "Nakupigia kila Jumapili. Mbona hukuniambia?"

"Unaniuliza kama niko salama, nakwambia niko salama, unakata." Hakuwa na hasira, alisema kama mtu anayeelekeza njia. "Hatujawahi kufika kwenye macho."

Kisha akamgeukia mjukuu wake. "Endelea, somo yangu. Bado magoti."